Uzi: Msimu mzima wa mizabibu na mvinyo hapa Nairobi, kuanzia mkasi wa Agosti

ZabibuDagoretti, 4 Agosti

Wadau, kila swali la mvinyo likiulizwa humu majibu huwa mawili: ama "zabibu hazikui Kenya" ama "nenda Naivasha". Mimi niko Dagoretti, kwenye udongo mwekundu ule ule unaootesha sukuma na maparachichi ya majirani, na nina robo tatu ya ekari ya mizabibu. Chenin Blanc, zabibu ya mvinyo mweupe, iko juu; Shiraz, ya mvinyo mwekundu, iko chini karibu na mto. Mvinyo unatengenezewa chumba cha mawe nyuma ya nyumba, kwa leseni, kabla hamjaanza. Nafungua uzi leo kwa sababu mwaka wangu unaanza leo: tunapogoa. Nitauendesha mpaka chupa, Mungu akijalia.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kutoka nje havitakusaidia. Ufaransa au Afrika Kusini mzabibu hulala. Baridi inaingia, majani yanapukutika, na joto likirudi macho yote ya tawi, yaani machipukizi, yanafumbuka karibu siku moja. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Mchana una saa 12 Januari, una saa 12 Julai. Mti haulali. Ukiuacha ujiamulie, utakuta maua, punje mbichi na zabibu zilizoiva kwenye shina moja, na huwezi kutengeneza mvinyo wa maana kwa mchanganyiko huo. Msimu hapa unaukata wewe mwenyewe kwa mkasi. Aina ya zabibu, hamira, pipa, hayo yote yanakuja baada ya tarehe ya kupogoa.

Hesabu yangu naianzia mwisho. Nataka zabibu ziive wakati kuna jua na hewa ni kavu, na Nairobi hiyo ni mwisho wa Januari na Februari. Huku juu, mita 1,800 na ushee, usiku ni wa baridi, kwa hivyo kutoka mkasi hadi mavuno ni kama miezi mitano na nusu, si minne ya nchi za joto. Rudi nyuma kutoka Februari unafika mwanzo wa Agosti. Macho yanafumbuka mwishoni mwa mwezi huu. Maua yanakuja mwanzo wa Oktoba, kabla vuli haijashika. Mvua ya Novemba inazikuta punje zikiwa ndogo, ngumu na chungu, na maji hayaziharibii ladha. Ukisubiri joto lirudi upogoe katikati ya Septemba, maua yako yataangukia mvua kubwa. Mvua juu ya maua ni kichala chenye punje nne.

Kabla ya mkasi kuna kazi ya wiki mbili ambayo majirani wanaiona wazimu: nafunga maji na kunyonyoa majani yote kwa mkono. Tawi lenye majani husukuma macho ya nchani tu na kuyaacha ya katikati yakiwa kimya. Ukilivua nguo linasukuma mengi kwa pamoja. Kuna dawa ya kuamsha macho, sianamidi ya haidrojeni, ambayo Umoja wa Ulaya waliiondoa sokoni. Siitumii. Inaunguza ngozi, na ukinywa pombe siku za karibu na kuipuliza uso unawaka na moyo unakimbia mbio. Hiyo ni dawa ya mkulima asiye na mvinyo nyumbani.

Napogoa nusu ya shamba leo, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Nitaeleza sababu mtu akiuliza.

Tope_la_Kitengela, 4 Agosti

Nauliza. Kwa nini nusu nusu? Na sisi wa udongo mweusi tuna tumaini?

ZabibuDagoretti, 5 Agosti

Nusu nusu kwa sababu utabiri wa mvua za Oktoba hadi Desemba, wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda pale Ngong, na wa Idara ya Hali ya Hewa, hutoka karibu mwisho wa Agosti. Mimi lazima niamue kabla yake. Mnakumbuka vuli ya 2019 ilivyogoma kuisha, ikaingia mpaka Januari? Mwaka kama huo, waliopogoa mapema wanavunia matope na waliochelewa kidogo wanapona. Mwaka wa ukame ni kinyume chake. Kugawanya shamba ni bima yangu, na pia kunanisaidia kwa sababu sina matangi ya kupokea zabibu zote wiki moja.

Udongo mweusi: mzabibu unavumilia umaskini wa udongo, hauvumilii miguu kukaa ndani ya maji. Pandisha matuta ya nusu mita, elekeza mifereji nje, na usinunue mche wa tawi lililochomekwa tu. Nunua uliobebeshwa juu ya shina mama linalostahimili, mfano 1103 Paulsen au Ramsey. Mizizi ya mzabibu wa Ulaya ikikutana na filoksera haiponi. Mdudu huyo alimaliza mashamba ya Ufaransa karne ya 19, na walichookokea ni mashina mama ya Kimarekani.

MgogoHalisi, 5 Agosti

Wakuu salaam kutoka Dodoma. Kaka wa Dagoretti, hongera sana, lakini mbona unajinyima? Huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mti uko macho mwaka mzima, wewe unaulipia mbolea miezi 12 unavuna mara moja?

ZabibuDagoretti, 6 Agosti

Ndugu yangu wa Dodoma, swali lako ndilo ugomvi wa nyumba yetu kila mwaka, kwa hivyo nitalijibu kwa urefu.

Dodoma mna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na jumla yake si kubwa. Baada ya hapo ni jua tupu. Zabibu zenu za Agosti zinaiva kwa jua na maji ya kumwagilia mnayoyapima wenyewe. Na bila shaka utakubali kwamba zile za Machi ndizo zinazowasumbua kwa ukungu. Sisi tuna mvua mara mbili, masika na vuli, na katikati yake kuna Juni, Julai na Agosti ambapo wingu linakaa juu ya Nairobi kama kifuniko cha sufuria. Hakuna mvua ya kusema, lakini jua pia hakuna. Nikipogoa Machi ili nivune Agosti, maua yanaangukia Aprili, mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, na punje zinajaribu kuiva Julai bila jua. Sukari inasimama kwenye 17 au 18 za Brix, kipimo cha sukari ya juisi, na tindikali haishuki.

Watu hunitajia Brazili. Kweli, kusini mwa Minas Gerais wanapogoa mara mbili na kusogeza mavuno hadi majira yao ya baridi, na mvinyo wanaopata ni mzuri. Baridi yao ni kavu na ina jua. Yetu ni kavu tu.

Kwa hivyo baada ya mavuno ya Februari napogoa fupi, macho mawili mawili, mti uote majani ujaze mizizi akiba, na kila kichala kinachotokea nakitoa. Wengi hawajui hili: kichala cha msimu ujao huanza kuumbwa ndani ya jicho wakati tawi lile lingali changa. Macho ninayoyategemea leo yaliumbwa Aprili na Mei. Kukiwa na giza ndani ya majani mazito, jicho linaumba kikonyo, ule uzi wa kujishikia, badala ya kichala. Ndiyo maana Mei nafungua majani mwanga ufike kwenye mashina ya matawi, na ndiyo maana Agosti naacha matawi marefu ya macho sita hadi manane, kwa sababu macho ya chini kabisa mara nyingi ni tasa. Usikisie. Chukua matawi machache kabla ya kupogoa, pasua macho kwa wembe, tazama kwa kioo cha kukuzia. Kijichala kinaonekana.

MkemiaBuruburu, 6 Agosti

Hapo kwa Julai nakupinga, mzee. Brix 18 na tindikali ya juu ndicho hasa anachokitafuta mtu wa mvinyo wa mapovu. Champagne huvunwa na sukari ya chini hivyo, kwa sababu uchachushaji wa pili ndani ya chupa unaongeza kama asilimia moja na nusu ya alkoholi. Unachokitupa chini kila Mei ni mali. Vuna Chenin ya Julai, tengeneza ya mapovu, Wanairobi watanunua zaidi ya hiyo Shiraz yako.

ZabibuDagoretti, 6 Agosti

Mkemia, kwa upande wa chupa hoja yako ni nzito. Kwa upande wa shamba, kuchanua katika mvua ya Aprili kunataka dawa kila wiki, na mti uliozaa Julai hauna nguvu ya kuzaa Februari. Anayetaka mapovu apande kipande chake cha kando akizalishe Julai peke yake. Si mti ule ule mara mbili.

MkemiaBuruburu, 6 Agosti

Tutaonana kwenye hicho kipande cha kando.

ZabibuDagoretti, 9 Oktoba

Maua. Hakuna cha kuona kwa mbali, ni vijikofia vya kijani vinavyodondoka na kuacha nyuzi nyeupe. Ua la mzabibu hujichavusha lenyewe, kwa hivyo mlioniuliza faraghani kuhusu mizinga ya nyuki, hapana, haina haja. Wiki hizi mbili hatupulizi chochote kisicho cha lazima, hatumwagilii kupita kiasi, na tunaomba mvua ichelewe.

Shosho_wa_Kinoo, 17 Novemba

Mwanangu, mvua imekuja na majani ya mzabibu wangu wa mlangoni yana madoa ya mafuta juu, na chini yake kama pamba nyeupe. Nikate?

ZabibuDagoretti, 17 Novemba

Shosho, usikate mti. Huo ndio ukungu mkubwa wa mvua, ule watu wa Dodoma wanaouita ubwiri vinyoya. Unataka majani yaliyolowa na joto la wastani, na Novemba inampa vyote. Toa majani yaliyoshika uyachome au uyazike mbali. Yaliyobaki yapulizie mchanganyiko wa mrututu (kopa salfeti) na chokaa, uliozaliwa Bordeaux miaka ya 1880 na bado unafanya kazi.

Naweka hapa kipimo kwa sababu nimeona watu wakiunguza mashamba. Kwa bomba la mgongoni la lita 20: gramu 200 za mrututu, gramu 200 za chokaa ya unga, na majani yakiwa machanga tumia nusu ya kila kimoja. Yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki, usitumie ya chuma. Koroga chokaa kwenye ndoo nyingine. Kisha mimina mrututu ndani ya chokaa, si chokaa ndani ya mrututu, huku unakoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo majani yataungua. Chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyo hiyo, na vaa glavu na miwani hata kama mumeo atacheka.

Dawa hii ni kinga. Ikipulizwa baada ya mvua ya siku tatu haimfukuzi aliyekwisha kuingia ndani ya jani, na shaba ikioshwa na mvua lazima urudie. Dawa zinazopenya ndani ya jani zipo kwa maduka ya kilimo. Angalia tu kama imesajiliwa kwa zabibu na ubadilishe kundi la dawa kila baada ya kupuliza mara mbili, ukungu huu huzoea haraka.

Kuna ukungu wa pili wa unga mweupe unaokaa juu ya jani na juu ya punje. Huo hauhitaji mvua, unapenda kivuli na hewa iliyosimama. Dawa yake ni salfa. Usipulize salfa jua likiwa kali, na acha kabisa wiki kadhaa kabla ya kuvuna. Salfa iliyobaki kwenye ganda ikiingia tangini hamira inaigeuza harufu ya mayai viza, na hapo utaitafuta tiba usiku kucha.

Na kabla ya dawa zote, hewa. Fundi wa kweli wa Novemba ni mtu anayepita kila mstari akifunga matawi kwenye waya na kutoa majani yanayofunika vichala. Mistari yangu inaelekea kaskazini na kusini. Natoa majani upande wa mashariki, umande ukauke na jua la asubuhi. Upande wa magharibi naacha, maana jua la saa nane mchana hapa kwetu linababua punje.

Tope_la_Kitengela, 18 Novemba

Uzi huu umenifanya nipige msumari kwenye ndoo saa tatu usiku. Ulitoka mwekundu. Nimeongeza chokaa.

ZabibuDagoretti, 19 Desemba

Shiraz imeanza kubadilika rangi, na Chenin inalainika. Kuanzia sasa adui ni ndege. Kuzumburu wanakuja kwa kundi, wananing'inia kwenye kichala kama wenye shamba, na shorewanda wanatoboa punje moja moja ambayo baadaye inaoza na kuambukiza jirani zake. Vitambaa vinavyometameta vinawatisha siku chache tu. Nyavu, basi. Nyavu zifungwe chini ya vichala zikazwe, maana zikiachwa wazi ndege anaingia na kushindwa kutoka.

Wekeni nyavu kabla ya tarehe 20. Baada ya hapo vijana wote wako ushago mpaka mwaka mpya, utabaki wewe na ngazi.

MgogoHalisi, 19 Desemba

Hata huku, mkuu. Ndege hawana mpaka.

ZabibuDagoretti, 27 Januari

Kipande cha kwanza cha Chenin kiko kwenye Brix 21. Kuchukua sampuli kuna adabu yake: punje 100 kutoka mistari yote, upande wa jua na wa kivuli, juu na chini ya kichala, zipondwe pamoja ndipo upime. Anayepima punje moja tamu aliyoichagua mwenyewe anajidanganya. Sukari pia si neno la mwisho. Natafuna mbegu: ikiwa ya kahawia na inapasuka, nasogea, ikiwa ya kijani na inaganda kwenye meno, nasubiri. Kwa mvinyo mweupe nataka pH, kipimo cha ukali wa tindikali, karibu na 3.2, na baridi ya usiku wa Dagoretti huniwekea tindikali bila kuninunulisha ya pakiti. Hilo watu wa nyanda za joto wanatuonea wivu.

Tunavuna kesho kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tunamaliza kabla ya saa nne. Zabibu iliyopata joto shambani inaanza kuchachuka ndani ya kreti.

MkemiaBuruburu, 6 Februari

Tupe habari za chumbani sasa. Umeweka salfaiti, ile dawa ya kuhifadhi, kiasi gani?

ZabibuDagoretti, 7 Februari

Gramu moja ya potasiamu metabaisalfaiti kwa kila lita 10 za juisi nyeupe, ambayo inatoa miligramu 57 hivi za salfa daioksaidi kwa lita. Zabibu ni safi mwaka huu, na zingekuwa na uozo ningepandisha. Juisi imelala usiku mmoja mashapo yakashuka, nikaihamisha, nikatia hamira. Sina mtambo wa kupoza. Nazungusha chupa za maji yaliyogandishwa ndani ya tangi asubuhi na jioni, na blanketi lililolowa nje, ili joto lisipite nyuzi 18. Shiraz itakapoingia nitaiacha ifike 26, na maganda yanayopanda juu nitayazamisha mara tatu kwa siku.

Tahadhari moja, na hii si mapambo. Kila lita ya juisi inayochachuka inatoa karibu lita 50 za kaboni daioksaidi, gesi nzito kuliko hewa, isiyo na rangi, na inakaa sakafuni. Chumba kidogo kilichofungwa kinaua. Mlango wangu una matundu chini, si juu tu, na hakuna anayeinama ndani ya tangi kuzoa machicha akiwa peke yake.

Shosho_wa_Kinoo, 7 Februari

Na ekari inatoa chupa ngapi? Mjukuu wangu anataka kuacha kazi aanze.

ZabibuDagoretti, 7 Februari

Mwambie asiache bado, Shosho. Ukipanda mita mbili na nusu kwa moja na nusu, ekari inaingia mizabibu kama 1,080. Mti unaotunzwa kwa ajili ya mvinyo wa maana nauachia kilo mbili hadi tatu. Kilo mbili na nusu ni tani 2.7 hivi, na kila chupa inakula zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hivyo ni chupa 2,300 mwaka mzuri. Mavuno ya kwanza yenye maana ni mwaka wa tatu.

Kisha serikali. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa bidhaa kwa mvinyo unahesabiwa kwa alkoholi iliyomo, shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina sentilita 9, yaani shilingi 202.50 kabla hujahesabu VAT, chupa, kizibo na lebo. Ongeza leseni ya KRA, watu wa ushuru, stempu kwa kila chupa, alama ya KEBS, watu wa viwango, na leseni ya vileo ya kaunti. Mimi naona mtu wa nusu ekari apande, auze zabibu kwa mwenye leseni, ajifunze mti kwanza. Makaratasi ni yale yale kwa chupa 500 na kwa chupa 50,000.

Tope_la_Kitengela, 8 Februari

Nimepata mahali pa matuta. MgogoHalisi, ukija Nairobi nibebee fimbo kumi za kupanda za ile Makutupora nyekundu, zabibu ya kwenu Dodoma, weka tu kwenye begi.

MgogoHalisi, 8 Februari

Napanda basi Jumatano, nafunga kwenye gunia lenye maji.

ZabibuDagoretti, 8 Februari

Hapana jamani! Fimbo ya mzabibu haivuki Namanga kwenye begi. Omba kibali cha KEPHIS, shirika la afya ya mimea la Kenya, kabla, na Tanzania watoe cheti cha afya ya mimea. Magonjwa ya virusi ya mzabibu hayaonekani kwa macho kwenye tawi kavu, na yakiingia Kitengela yatapanda mpaka kwangu. Mgogo njoo na chupa, hiyo itangoja kibali kingine ikiwa ni zaidi ya unayoruhusiwa kubeba. Tope, mimi nitakuwekea fimbo za Shiraz nikipogoa Machi. Zipeleke kwa mtu wa kubebesha kabla ya wiki kuisha, zikae kwenye gazeti lililolowa, mahali pa baridi. Unataka ngapi?

Tope_la_Kitengela, 8 Februari

Arobaini. Na zile za Chenin za kipande cha mapovu, kama Mkemia hajazichukua.

MkemiaBuruburu, 8 Februari

Ameshazichukua.